Wasifu wa Kaka Yangu, Mwalimu Aliyekataa Kumalizia Hadithi

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1956 katika nyumba za wafanyakazi wa karakana ya reli, mtoto wa kwanza wa fundi mitambo na mkunga. Mimi ninayesoma ni mdogo wake wa pekee. Nimeombwa niseme mema tu. Nitajitahidi, ila mnivumilie: ameondoka kabla hajanimalizia hadithi moja, na nina hasira naye.

Alianza shule ya msingi mwaka 1963. Akiwa na miaka kumi alikuta kreti ya vipuri stoo kwa baba, imeandikwa Kifaransa. Mwingine angeuliza. Yeye aliazima kamusi kwa karani, akaikalia likizo nzima, huku kufua na kufagia nikifanya mimi. Mwishowe akatangaza: "Imeandikwa, upande huu juu." Kreti ilikuwa imekaa kichwa chini miaka miwili. Baba alimsifu mpaka nikachoka kusikia.

Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1980. Kuanzia Januari 1981 hadi alipostaafu mwaka 2016, alifundisha Kifaransa katika chumba kilekile, juu ya stoo ya madawati. Kila mwaka aliingia na kitabu kilichong'oka jalada, akasimulia kwa lugha yetu: mwanamke wa posta anapanga barua, anakuta moja ina jina lake, kwa mwandiko wake mwenyewe, wala hakumbuki kuiandika. Anachana bahasha... Hapo alifunga kitabu. "Iliyobaki imo humu, kwa Kifaransa."

Watoto walipiga kelele. Mkuu wa shule alimwita ofisini mara nyingi. "Mwalimu, vitenzi utafundisha lini?"

"Wataniuliza wenyewe."

Na kweli walimwuliza, hadi mlangoni kwake Jumapili. Aliyefika ukurasa wa mwisho aliandika jina lake nyuma ya kitabu na kuapa kutomwambia mtu. Majina yamefika mia tatu na kumi na moja.

Alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985 na mshonaji wa nguo za shule. Alimposa kwa barua ya Kifaransa. Wifi yangu aliirudisha: "Andika kama watu." Akaandika kama watu. Ndiye binadamu pekee aliyemweza.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2022, akaanza kulazwa na kutoka. Tangu aanze kufundisha nilijifanya sijali habari za huyo mwanamke wa posta, maana sikutaka kumpa raha. Jumatano, tarehe 5 Machi 2025, uzalendo ukanishinda. "Kaka, mimi ni damu yako. Ile barua ilisema nini?"

Alicheka mpaka muuguzi akaja kutazama. "Kesho. Njoo na chai."

Alifariki Alhamisi saa tatu na robo asubuhi. Mimi nilifika saa nne, na chupa ya chai mkononi. Nililia, nisiwafiche, na katikati ya kilio nikamgombeza.

Daktari aliyemtibu alikuwa mwanafunzi wake. Nilimvuta pembeni. "Mwanangu, nimalizie wewe."

"Shangazi, niombe chochote. Hilo hapana."

Nimejaribu mwalimu mkuu wa sasa. Nimejaribu fundi bomba wa mtaani, naye jina lake limo nyuma ya kitabu. Hata humu wamekaa watu wazima wenye mvi, wanajua, na wananiangalia tu! Juzi mmoja alinihurumia, akaanza kuninong'oneza. Nikajikuta nimemziba mdomo kwa kiganja changu mwenyewe. Nikaenda kwa wifi, nikachukua kitabu na kamusi.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, mdogo wake mmoja mwenye umri wa miaka sitini na sita, na watu mia tatu na kumi na moja wasiosema.

Pumzika, kaka. Mungu akulaze pema. Mimi niko ukurasa wa nne, na usifikiri nimekusamehe.