Salamu Iliyotukuta Tumefumba Macho

Mungu anisamehe, leo asubuhi nilisalimiwa nikajifanya sijasikia. Tulikuwa kwenye benchi letu la kona, ukungu umelala barabarani kama shuka lililosahaulika nje. Siku hizi tuna desturi: Mama Kahawa akishateleka birika, tunafumba macho, tunapumua taratibu, hakuna kusema mpaka maji yachemke. Aliyeianzisha ni Fundi Viatu, ambaye hapo nyuma alikuwa na hasira za kurusha nyundo. Tulimcheka weee, kisha mmoja mmoja tukamwiga. Sasa hata mfagiaji akifika hapa anafagia kama anambembeleza mtoto.

Birika likaanza kuimba. Tukafumbua macho, nyuso zimelainika.

— Mnauona huu utulivu? — akasema Redio, dereva mstaafu asiyezimika. — Unasambaa! Jana muuza nyama na jirani yake hawakutukanana kutwa nzima.

— Muuza nyama alikuwa anaumwa jino, — akasema Mama Kahawa huku akimimina.

— Jino ni sababu ndogo, mama. Sababu kubwa ni sisi.

Fundi Viatu akautoa uzi mdomoni.

— Mimi nilitaka tu wanangu wasinikimbie nikirudi nyumbani. Siku hizi wananifungulia mlango.

— Mmesikia? Hiyo nyumba moja! Mtaa ukitulia, soko linatulia. Soko likitulia, mji mzima. Mwisho wakubwa nao watafumba macho.

— Hao wamefumba siku nyingi, Redio, — akasema Mama Kahawa.

— Safari hii watafumba wajitazame ndani! Wakifumbua, watatuona. Huko mipakani askari watakaa chini, bunduki magotini, mpaka ndege waingie kwenye mitutu watage.

— Ndege gani wa kuenea kwenye mtutu? — akauliza Fundi Viatu.

— Wadogo.

Hakuna aliyecheka. Mvuke ulipanda ukachanganyika na ukungu, nami nikayaona yote: miji na madirisha yake, watu chungu nzima wakivuta pumzi moja, kama nyumba ambayo kila mtu amelala na hakuna anayeumwa. Nikajiona nami nimo humo, mtu mwema kabisa.

Hapo akasogea dada mmoja mgeni, kiatu mkononi, mkanda umekatika. Kumbe alikuwa amesimama muda wote akingoja tumalize ukimya wetu.

— Samahanini, kaka zangu. Yule fundi baiskeli pale ng'ambo amewasalimia mara mbili mkiwa mmefumba macho. Mbona hamkumjibu?

Sindano ya Fundi Viatu ikabaki kwenye ngozi. Mama Kahawa akanitazama mimi.

Maana yule ni kaka yangu, tumbo moja. Siku ya msiba wa mama aliniambia mbele za watu kwamba nimefika udongo wa kaburi umeshakauka. Alisema kweli. Mimi ni mshona nguo, nilikuwa namalizia suti ya mteja. Tangu hapo hatusemeshani, kila mtu na upande wake wa barabara. Leo, sijui ameamkaje, akasalimia. Sauti niliijua. Nikakaza kope, nikaendelea kupumua, tena vizuri sana.

— Hivi hamjui hata kwa nini? — dada yule akauliza, kwa upole tu.

Nikanyanyuka.

— Mama, nijazie viwili.

Nikavuka na vikombe, kahawa ikinimwagikia vidoleni. Alikuwa ameinamia gurudumu, analizungusha, sikio karibu na chuma, kama mtu anayesikiliza kitu kinachokuja kutoka mbali.

— Shikamoo, kaka.

Gurudumu likaendelea kuzunguka. Hakuinua kichwa.

— Kaka, ile salamu niliisikia, nikanyamaza. Naomba unisalimie tena.