Ukungu Kwenye Kioo cha Mama

Mvua iliwafuata tangu hospitali ya Kolandoto, na vioo vya teksi yao, Probox, vikawa kama vimepakwa uji. Salvina alikuwa amemwegemeza mama yake dirishani, mgonjwa aliyetoka wodini na usingizi mzito.

"Dereva, washa AC, changanya na joto," alisema mzee aliyekaa kiti cha mbele. "Ukungu utakauka."

"AC ni ya jua kali, mzee. Unataka mgonjwa agande?" Dereva alifuta kwa kitambaa kilicholowa kuliko kioo chenyewe.

"Na ng'ombe wakivuka barabara utawaonaje?"

Dereva akawasha kwa hasira. Vioo vikatakata, na gari likasimama ghafla: ng'ombe walijaa barabarani.

"Ningewaona tu," alinung'unika.

Salvina alitazama kioo kitupu karibu na pua ya mama yake. Akasubiri. Kiduara cha ukungu kikatokea, kikafifia, kikatokea tena.