Mwalimu Saliha na Hesabu ya Kutoa

Tarehe 30 Juni 2004, Mwalimu Saliha Ramadhani anastaafu baada ya miaka ishirini na mitano ya kufundisha hesabu watoto wenye ulemavu katika kituo chetu.

Vita vilipotutoa mtaa wa Cibitoke mwaka 1995, tulihamia kwenye depo tupu ya kahawa, Quartier Industriel, mtaa wa viwanda. Vumbi liliwapigisha watoto chafya katikati ya jedwali la kuzidisha. Saliha alizipokea kama majibu, mradi zimetokea mahali pake.

Aliyemchanganya ni Daphrose, mtoto mzito wa kujifunza. Kujumlisha aliweza, kutoa kulimshinda. Tano ukiondoa mbili, alijibu tano. Saliha aliacha vizibo vya soda vya kuhesabia akaleta maharagwe. Tano. Aliuliza kwa Kiswahili, Kirundi, hata Kifaransa. Tano. Leo alijilaumu mwenyewe, kesho akamlaumu mtoto, keshokutwa hakujua amlaumu nani. Mwishowe mkurugenzi wetu wa wakati ule aliamua mtoto arudishwe kwao, nafasi yake apewe mwingine.

Mama yake alipokuja kumchukua, Saliha aliomba somo moja tu. Alipanga vizibo vitano mezani, akafunika viwili kwa kiganja, akauliza vimebaki vingapi. Daphrose akauinua mkono wa mwalimu.

"Zingine ziko hapa, Mwalimu. We umezificha tu."

Mama akaanza kulia. Alitueleza kwamba amezaa watoto watano, na wavulana wawili walikimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka, bila kuleta habari. Watu wakiuliza amebaki na wangapi, Daphrose ndiye hujibu, kama alivyofundishwa: watano.

Saliha alikwenda moja kwa moja ofisini.

"Apana, huyu mutoto haendi," alimwambia mkurugenzi. "Kuhesabu anajua. Mi ndiye nauliza vibaya."

Tangu siku hiyo aliuliza viko vingapi mezani. Vitatu, alijibu Daphrose, na mwaka uliofuata akapanda darasa.

Kaka mmoja alirudi mwaka juzi. Daphrose, msichana mkubwa sasa, alikuja kumuuliza mwalimu wake: yule kaka wa pili, ambaye hajarudi, amhesabu wapi? Wiki hii tulipomuuliza angejibu nini leo, alisema bado hajui.

Asante, Mwalimu, kwa watoto wote uliokataa waondolewe. Huko Kibenga kwa dada yako, maisha yawe mema kwako, usingizi uwe mrefu, na jirani yeyote asikuletee madaftari ya kusahihisha.