Kiwanja cha Maji ya Udhu

Sogeeni, wanangu, mkae nilipo niwaone, na wewe mkubwa zima hiyo simu, mama yako hafi mara mbili. Sauti niliyobakiwa nayo inatosha ugomvi mmoja tu, na ugomvi wenyewe ni huu.

Nyumba hii mtagawana kama dini ilivyopanga, kila mtu na fungu lake, sina neno. Ila kile kiwanja kinachopakana na msikiti, nilichoachiwa na baba yangu, hakimo. Nimekitoa wakfu, kimo ndani ya theluthi ninayoruhusiwa kuusia, na imamu na jirani yetu mshonaji ni mashahidi. Najua, mkubwa, kwamba umeshawaahidi wanakamati wenzako wa msikiti kitamwagwa zege, magari yaegeshwe. Unagawa mirathi na mwenye mali bado anapumua.

Nina hasira na wewe, mwanangu, na sitaki kufa nikijifanya sina. Uani mwa msikiti mlikuwa na miarobaini, sisi wanawake tukiimwagilia maji tuliyotawadhia, kila mmoja na kopo lake, na Ijumaa watu wakisali nje kivulini wala hakuna aliyetafuta feni. Ukapewa uenyekiti, ukaikata, eti majani yanachafua. Mkasakafia ua mzima, jua likawachoma, mkanunua mafeni, mafeni yakataka jenereta, na sasa jenereta likianza kunguruma hata hotuba hatuisikii. Maji ya udhu nayo yakakosa pa kuzama, yakateremka mpaka chumbani kwa mshonaji, mjane wa watu, yakamlowesha vitambaa vya wateja. Alipokuja kulalamika mkamwambia avute subira, kisha mkaenda kununua tangi kubwa zaidi na pampu yenye nguvu zaidi. Jamani, mtu anazama, nyinyi mnamwongezea maji? Mtume ametukataza kufuja hata tukitawadha mtoni, lakini kwenu mtu anafungulia bomba mpaka mwisho, ananawa uso huku anasimulia habari za mpira, maji yanakwenda zake, halafu anaingia kuomba mvua. Mtaomba sana.

Sasa shikeni ninayowaagiza. Binti yangu, msimamizi wa kiwanja ni wewe. Chimba mfereji kutoka kwenye mabomba ya udhu, usiuchanganye na wa vyooni, maji yote yateremkie kiwanjani, na upande miti, ya kivuli na ya matunda, ale mpita njia bila kuulizwa anasali wapi. Gari lisiingie, hata la imamu. Kaka yako akikupandishia sauti, nawe mpandishie, koo hilo umelirithi kwangu.

Mkubwa, mwarobaini wa kwanza utaupanda wewe, kwa mkono wako. Na kabla hujashika jembe utakwenda kwa mshonaji kumwomba radhi, uende mwenyewe, usitume mtu na bahasha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wewe ukuta umeshakuangukia, hujui tu.

Mimi mtanikosha kwa ndoo na kata, msinifungulie bomba. Mazikoni asigawiwe mtu maji ya chupa za plastiki. Tulipomzika shangazi yenu chupa zilizagaa juu ya makaburi, na waliozitupa ndio hao hao waliokuwa wakiitikia dua. Wekeni mtungi na vikombe, na anayeona kinyaa akanywe kwao.

Niinulieni mto kidogo. Hapo. Nimechoka, wanangu, pumzi inakuja na kurudi. Msigombane kwa ajili ya vyombo na makabati. Mungu awape umri wenye faida, awape watoto watakaowasikiliza kuliko mlivyonisikiliza mimi. Radhi zangu nawaachia nyote. Za mkubwa nimeziweka kwa mshonaji, azifuate huko.

Nyamazeni kwanza. Mnasikia? Sala imekwisha kitambo, watu wameshatawanyika, na maji bado yanamwagika pale msikitini. Usilie, mkubwa wangu. Inuka... nenda kafunge bomba.