Laita Tatu na Kiko cha Babu Saa

Kila nikikaa nipumzishe magoti anatokea mjukuu mmoja: "Bibi, andika ile ya kiko." Ile ya kiko wanaijua wote, na nusu yao walikuwepo. Wanataka niiandike mimi niliyeacha shule kabla ya kufika kwenye kugawanya, ili nikikosea wapate la kuchekea. Haya, naiandika mara moja tu. Atakayesema nimeruka kitu aandike ya kwake.

Benchi lilikuwa chini ya dirisha la kinyozi, ubao mmoja mrefu juu ya matofali, umebonyea katikati kwa kukaliwa. Hapo kila asubuhi alikaa Muhuri, karani mstaafu wa posta, aliyegonga mihuri miaka thelathini na alipostaafu akaendelea kuigonga kwa mdomo: akishasema yeye, jambo limekwisha. Pembeni yake Breki, dereva wa lori, ambaye lori lake lilikaa gereji zaidi kuliko barabarani. Kinyozi mwenyewe alichangia kupitia dirishani, wembe uko shingoni mwa mtu. Mwisho wa benchi alikaa Babu Saa, fundi saa, mkubwa kuliko wote, anavuta kiko na kusikiliza. Mke wa kinyozi alileta birika moja la kahawa. Likiisha, limeisha.

Asubuhi ninayoisema, Babu Saa alikuwa na shida. Mikono iliyofungua saa za watu miaka arobaini ilikuwa imeanza kutetemeka. Akiwasha njiti, inadondoka kabla haijafika kwenye tumbaku. Mashati matatu yalishatoboka. Binti yake, mshona nguo, ndiye aliyeyatia viraka, na alipomaliza la tatu alimwambia baba yake bila kupandisha sauti: tundu moja tena, kiko kinakwenda jalalani. Na Babu Saa naye akasema bila kiko haoni sababu ya kutoka nyumbani kuja kukaa kwenye ubao.

Lililomuuma Muhuri ni hilo. Hakumwambia mtu, lakini usiku wake ulikuwa mfupi. Nyumbani kwake, akifungua mdomo, mkewe huongeza sauti ya redio. Breki humkata maneno, kinyozi humcheka. Babu Saa peke yake humsikiliza mpaka mwisho, macho nusu yamefumba, moshi unatoka taratibu. Mtu akishazoea kusikilizwa, kukosa msikilizaji ni kama kukosa jino la mbele. Unaendelea kula, ila kila saa ulimi unakwenda pale.

Basi walikubaliana wamtafutie laita, kiberiti cha kubonyeza, kitu cha ubora kisichodondosha moto kwenye nguo. Kila mmoja akaja na yake. Babu Saa, akiingia ndani kunyolewa, akampa Muhuri kiko kilichokwisha jazwa tumbaku.

— Nishikie, mdogo wangu.

Akaenda zake. Wao wakaanza kuzipanga laita kwenye ubao kama watu wanaouza.

— Hii ya petroli ndiyo yenyewe, alianza Breki. Nimeiwasha juu ya lori, upepo unang'oa kofia, isizimike.

— Babu Saa anavutia kiko juu ya lori? aliuliza Muhuri.

— Siku moja anaweza kupanda.

— Petroli ina harufu, kinyozi akasema kutoka dirishani. Avute tumbaku au avute kituo cha mafuta?

— Mimi nimevuta petroli miaka ishirini. Unaniona nina kasoro?

Kwa heshima, kinyozi alirudi kwenye laita.

— Mchukulieni hiyo yangu ya plastiki, kinyozi akaendelea. Unaona mpaka ndani. Gesi ikipungua unajua. Kitu chenye ubora hakikufichi tumbo lake. Ndiyo maana na mimi nanyoa mbele ya kioo.

— Kwa hiyo na wewe ni wa plastiki.

— Breki, ukija kunyolewa nitakumbuka.

Muhuri aliwaacha wamalize. Alikuwa na laita yake mfukoni, nzito, ya chuma, aliyoichagua siku mbili nzima dukani mpaka muuzaji akaomba ruhusa akale. Akaitoa, akaibonyeza. Ikavuma. Moto ukasimama mwembamba na wa bluu, umenyooka kama wa fundi wa kuchomelea vyuma.

— Tazameni, alisema. Moto wa njano ni moto mtoto. Haujakomaa, ndiyo maana unayumba. Ukikua unakuwa wa bluu.

— Na moto mzee una rangi gani? aliuliza Breki.

— Hauonekani. Ndiyo maana watu huungua bila kujua.

— Hayo walikufundisha posta?

— Posta tulisoma kila kitu kilichopita bila bahasha. Nisikilize wewe. Shida ya mzee ni mkono kutetemeka. Mkono unahitaji muda ndipo utetemeke. Moto huu unamaliza kazi kwa nukta moja. Mkono utatetemeka saa ngapi?

Kusema kweli hiyo ilikuwa na kichwa na miguu, na hata Breki aliifikiri. Ndani kulisikika mguno. Babu Saa alikuwa na povu mpaka puani.

— Anasema nini? Muhuri aliuliza.

— Hasemi, ametikisa kichwa, alijibu kinyozi. Nusura nimkate.

— Amekubali.

— Ametikisa hivi, kushoto na kulia, si hivi.

— Mtu aliyelazwa kwenye kiti akitikisa, upande hauna maana. Amekubali.

Na hapo ndipo Muhuri, ambaye hajawahi kuvuta hata sigara ya kuazima, alipoona maneno hayatoshi. Akakiinua kiko cha mwenzake, akaelekeza laita kwenye bakuli lake la tumbaku, akabonyeza. Moto ukavuma, lakini tumbaku haikuwaka vizuri kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuvuta upande wa pili. Akausogeza karibu. Akahesabu nukta moja, mbili, tano. Breki alisema kitu kuhusu harufu. Muhuri akamwambia hiyo ndiyo harufu ya ubora.

Alipoondoa moto, ukingo wa bakuli ulikuwa mweusi kama sufuria, na upande mmoja mti ulikuwa umepasuka ufa wa urefu wa kucha. Kiko hicho Babu Saa alikivuta tangu binti yake hajaota meno.

Breki alimimina kahawa, akaona birika limebaki mashapo, akalirudisha taratibu kama mtu anayemlaza mtoto. Muhuri alijaribu kufuta weusi kwa kidole gumba. Ulienea.

Alipoinua macho binti wa Babu Saa alikuwa amesimama mbele yake, shati lenye kiraka limekunjwa mkononi. Alikuja kumletea baba yake abadilishe baada ya kunyolewa. Alikitazama kiko, akazitazama laita tatu.

— Shikamooni. Hizi ndizo mnazomchagulia baba?

— Marahaba, mwanangu. Ndizo, alisema Breki. Tulikuwa tunalinganisha moto.

— Na baba amejaribu kubonyeza ipi?

Breki alimtazama Muhuri. Muhuri alilitazama dirisha. Kinyozi, ambaye hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe, akasogea ndani kutafuta taulo.

Babu Saa akatoka, kidevu kinang'aa. Binti akamkalisha kwenye ubao, akampa laita ya Breki. Kidole gumba cha mzee kikapanda kwenye gurudumu, kikateleza. Kikapanda tena. Kiungo chake kilikuwa kimevimba kama fundo la kamba, na gurudumu halikuzunguka. Ya plastiki ikawa hivyohivyo. Ya Muhuri, kile kitufe chake kigumu cha chuma, mzee alikibonyeza kwa vidole viwili mpaka mshipa wa shingo ukasimama. Haikutoa hata cheche.

Ndipo akaona kiko. Muhuri alikuwa amekishika kwa mikono miwili, kama barua ya msiba.

— Ni mimi, kaka, alisema.

Babu Saa akakigeuza, akapitisha ukucha kwenye ufa.

— Nilipotikisa kichwa, alisema, nilikuwa nawaambia si ya bluu. Moto wa kiko unauvuta wewe, ushuke wenyewe ndani ya bakuli. Unataka wa njano, mlaini, wa gesi, tena laita yenye mdomo wa ubavuni, usije ukajichoma kidole ukiinamisha. Unawasha, unashindilia kidogo, unawasha tena. Ule mwingine unauchoma mti wenyewe.

— Mbona hujatuambia siku zote hizi? aliuliza Breki.

— Mlikuwa mnaongea.

Binti yake alikuwa bado amesimama.

— Laita ya namna hiyo nitaitafuta mimi, alisema. Lakini gumba la baba haliwezi yoyote. Na kiko hakitawashwa nyumbani kwangu tena. Kitawashwa hapa, na atakayekiwasha ni huyu aliyekichoma. Kila kikivutwa.

— Mimi na moshi, mwanangu, kifua changu...

— Nimesikia, baba mdogo.

Babu Saa akakwangua ukingo kwa tupa yake ndogo ya saa, akaziba ufa kwa gundi na majivu, kiko kikabaki kifupi kidogo. Siku ya tatu binti akaleta laita, na Muhuri akaanza kulipa.

Hakulipa kwa kifua, ingawa alikohoa. Kuwasha kiko cha mtu mwingine kunataka uso wako uwe shibiri moja kutoka kwa wake, na ukisema neno, pumzi yako inaulaza moto. Basi kila kikiwashwa, mara mbili, Muhuri alipaswa kufunga mdomo mpaka mzee aridhike. Na Breki alilijua hilo. Asubuhi ile ya kwanza alisubiri moto uzame vizuri kwenye tumbaku, ndipo akamwambia kinyozi, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba barua isiyo na stempu sheria inamtaka karani wa posta aifungue, aisome, na ikimgusa moyo aijibu yeye mwenyewe.

Muhuri alitoa macho. Shingo ilimvimba. Mkono wake haukutikisika.

Babu Saa, ambaye kiko chake hushika kwa mivuto mitano, siku hiyo alivuta kumi na mbili ndipo akaridhika.