Dkt. Priska Tumainieli Mzava, Aliyelala Chini ili Wanafunzi Wajifunze

Baba Mchungaji, wazee wetu shikamooni, walimu na wanafunzi wa chuo, majirani wa Myamba na ninyi mliopanda kutoka Same na Kisiwani, familia imeombwa isome maisha ya marehemu, na tutayasoma kwa mpangilio mliouzoea, ila lipo jambo lazima litangulie hata kuzaliwa kwake. Tangu Alhamisi kuna maneno yanatembea, sokoni, kwenye magrupu ya WhatsApp, mpaka hapo nyuma penye masufuria ya makande, kwamba Priska ameuawa na wanafunzi wake, na tumesikia kwamba kijana Rodrick, aliyekuwa kiongozi wa kundi siku ile, amefungasha vitu vyake na kusema udaktari basi, na kwamba chuoni kuna watu wanataka mafunzo yale yafutwe kabisa. Familia inaomba mtu yeyote asihukumu kabla historia hii haijaisha.

Dkt. Priska alizaliwa tarehe 14 Machi 1991 hapa hapa Myamba, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa Mzee Tumainieli Mzava, mwalimu mstaafu, na Mama Blandina, mkulima wa tangawizi, na alibatizwa mwaka huo huo katika usharika huu. Tangu utoto alikuwa hodari wa kuigiza, na wazee mtakumbuka msaragambo wa kutengeneza barabara ya shule, siku kijiji kizima kilipotoka na majembe, yeye akaanguka na tumbo la uongo, akina mama wakatupa majembe wakaanza kulia, na alipoona amewachosha akasimama akaomba muwa. Baba yake alitozwa faini ya jogoo kwa kuvuruga kazi ya umma, akailipa, na mpaka jana usiku alikuwa anasema jogoo yule hakuliwa kwa haki.

Alisoma Shule ya Msingi hapa Myamba kuanzia mwaka 1998 hadi 2004, akaendelea na sekondari mwaka 2005 hadi 2008, na ilikuwa akiwa kidato cha pili, Mei 2006, jirani yetu Vitus alipojikata paja kwa panga akisafisha shamba, wanaume wakamweka kwenye machela ya miti wakakimbia naye kuelekea barabarani, wakikimbia kwa upendo kabisa, na Priska nyuma yao amebeba viatu vya mgonjwa. Vitus alifia njiani, damu ikiwa imeisha, na kila mtu alisema Mungu ndiye aliyepanga, ila miaka mingi baadaye, akiwa tayari daktari, Priska alimwambia mama yake kwamba siku ile kilichohitajika ni ngumi moja tu ya mtu kukandamiza pale panapovuja bila kuachia, na kwamba ngumi zilikuwepo nyingi, zote zimeshika machela.

Alimaliza kidato cha sita mwaka 2011, akajiunga na masomo ya udaktari Oktoba mwaka huo, akahitimu mwaka 2016, akafanya intern mwaka mzima, na Novemba 2017 akarudi nyumbani na leseni ya udaktari ndani ya bahasha ya kaki, akakaa. Ndugu waombolezaji, alikaa zaidi ya miaka mitatu, katika nchi ambayo kila kiongozi akishika maiki analia kwamba madaktari hawatoshi, akituma maombi akijibiwa we regret to inform you, akiambiwa aongeze experience na watu wasiotaka kumpa mahali pa kuipatia, akijitolea bure wodini huku nauli akitumiwa na mama yake kutoka kwenye tangawizi, na wapo waliomtania hapa sokoni, daktari wetu leo unatibu nini, akawajibu kwamba anatibu njaa, ila dawa imeisha. Juzi tumeletewa shada zuri lenye utepe ulioandikwa pengo lisilozibika, tunashukuru kwa maua, lakini pengo hilo lilikuwepo miaka yote ile na Priska alisimama mbele yake akiomba tu aruhusiwe kuliziba.

Machi 2021 alipata mkataba wa muda, wa mwaka mmoja mmoja, kufundisha tiba ya dharura kwa wanafunzi wa udaktari wanaoletwa Same kwa mafunzo ya vitendo, na hapo ndipo alipokuwa mtu kamili. Aliona wanafunzi wanajifunza kwenye chumba chenye feni, sanamu limelala kwenye kitanda cha kupandisha na kushusha, kila kifaa kimepangwa mkono wa kulia, akawauliza ni lini waliona mtu wa Upare akianguka kwenye chumba chenye feni, kisha akawapandisha huku. Aliwafundisha kushona kidonda juu ya gunia, kumpulizia mgonjwa pumzi huku wanatembea kwenye mteremko wenye utelezi, kumbeba mtu aliyevunjika shingo bila kumuua kwa haraka zao, na mgonjwa alikuwa yeye mwenyewe, amelala kwenye tope kwa gauni la kazi, leo ameng'atwa na nyoka Kisiwani, kesho ni dereva wa bodaboda anayevuja damu ndani kwa ndani. Aliigiza vizuri mno, hadi siku moja mzee mmoja wa sokoni alivua koti lake akamfunika, akapiga magoti kuanza sala, na Priska alipofumbua macho mzee akamwambia kwamba mara nyingine ampe taarifa mapema, koti hilo ndilo analoendea kanisani.

Kwa sababu mazoezi hayatumii dawa za kweli, mwanafunzi hutamka anachofanya badala ya kukifanya, anasema nampa oksijeni, anasema naweka dripu, anasema gari limeitwa, na wenzake wanaendelea kana kwamba imefanyika. Sheria ya Priska ilikuwa moja, zoezi halisimami mpaka yeye mwenyewe ainuke, hata alie, hata awatukane, kwa maana alisema mgonjwa wa kweli naye atawaambia wamwache, na atakufa wakimtii.

Tarehe 8 Desemba 2018, akiwa bado hana kazi, alifunga ndoa katika usharika huu na Ndugu Linus Kagoma, fundi umeme, mtoto wa wafanyakazi wa mkonge waliotoka Kigoma, ambaye wapo waliomkataa kwa sababu si mtu wa milimani, naye Linus akawaambia kwamba posa ameshapeleka, wanaotaka kukataa wapange foleni. Mungu aliwajalia watoto wawili, Careen aliyezaliwa tarehe 2 Februari 2020 na Elibariki aliyezaliwa tarehe 19 Julai 2023, na Careen tangu jana anawauliza wageni mama yake ataamka saa ngapi, kwa kuwa yeye ndiye aliyemwona mara nyingi kuliko sisi sote akilala chini na kuinuka tena.

Kuhusu kuugua kwake, mwanzoni mwa Septemba mwaka huu wa 2025 mguu wake wa kushoto ulivimba, mume wake akamwambia apime, mama yake akamwambia apime, naye aliyekuwa anagombeza dunia nzima kwa kuchelewa hospitali akasema ni milima tu, akimaliza na kundi hili atapima. Siku ya Alhamisi, tarehe 18 Septemba, alipanda na wanafunzi hadi uwanja wa soko hapa Myamba, ilikuwa siku ya gulio na watu walijaa, akawaeleza kwamba leo yeye ni mama mwenye pumu aliyezidiwa sokoni, akalala chini, akaanza kuhema. Kwa maelezo tuliyopewa na madaktari, bonge la damu lilikuwa limetoka mguuni likaziba mapafu wakati huo huo, na kuhema kule hakukuwa kuigiza tena. Alimshika Rodrick mkono, akasema hawezi kupumua, na wao wakafanya kama walivyofundishwa, hawakusimama, Rodrick akasema kwa sauti oksijeni imewekwa, mwenzake akasema dripu inakwenda, mwingine akasema gari linakuja, na hakukuwa na oksijeni wala dripu wala gari, kulikuwa na maneno tu, na soko zima likawapigia makofi.

Ni Rodrick aliyemshika shingoni ili ataje mapigo ya kubuni, akakosa mapigo, akaangalia midomo, akajua kwamba rangi ile haiigizwi. Yeye ndiye aliyevunja sheria ya mwalimu wake, akapiga kelele kwamba zoezi basi, akaanza kukandamiza kifua kwa kweli, pembe ya msaragambo ikapigwa, wanaume wakaja na machela, na safari hii hakuna aliyekimbia ovyo, walishuka kwa hatua ambazo Priska aliwafundisha wanafunzi na wanafunzi wakawaelekeza wabebaji, wakipokezana kifuani mwake hadi barabarani, akapakiwa kwenye gari la tangawizi kwa sababu gari la wagonjwa lilikuwa gereji, na tangu lini lilikuwa gereji hatutasema, mama ametukataza kugombana leo. Alipokelewa hospitalini Same, madaktari walihangaika naye, na jioni ya siku hiyo akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka thelathini na minne.

Tuliwauliza madaktari kama angewahiwa mapema angepona, na tunawaheshimu kwa sababu hawakutudanganya, walisema bonge lile ni kubwa, wengi hawaponi hata wakiangukia mlangoni mwa hospitali kubwa, lakini hawawezi kuapa. Basi na sisi tunaishi na hilo, hatuna namna. Ila mama yake ameagiza lisomwe hivi kama alivyolisema, kwamba siku ile na yeye alikuwepo sokoni, amekaa nyuma ya mafungu yake ya tangawizi, akamwona mwanawe anahema, akacheka, akamwambia jirani yake mwone huyu leo amezidisha, na kama yeye aliyemzaa, aliyemnyonyesha, aliyemsikia akipumua usingizini miaka yote, hakujua, mtoto wa watu angejuaje.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea, wanaume wa Myamba waliombeba, mwenye gari aliyemwaga mzigo wake barabarani bila kuuliza, majirani mliopika na kulala hapa, wafanyakazi wenzake, usharika, na ukoo wa Kagoma waliosafiri kutoka Kigoma. Uongozi wa chuo tunawaomba, kwa heshima yote, wasifute mafunzo haya kwa jina la marehemu, wakitaka kuyafuta watafute jina lingine, na waweke mtu mmoja wa kusimama pembeni asiye na kazi ila kumwangalia anayeigiza.

Rodrick, tunajua umekaa kule nje ya uzio tangu asubuhi na umekataa chakula. Kwa mila yetu udongo wa kwanza ni wa familia, na mama amesema hatatupa wake mpaka wewe na wenzako mje msimame kwenye mstari wa familia, ukishamaliza utakula, na Jumatatu utarudi wodini. Usipokuja atakufuata mwenyewe, na miguu yake mnaijua.

Priska, dada yetu, mke wa Linus, mama wa Careen na Elibariki, pumzika kwa amani sasa, usiwasubiri wamalize, zamu yako imepokelewa.