Mwalimu Marijani na Ukuta wa Kiwanda

Mwalimu Marijani bin Nassibu alizaliwa Mtoni, Temeke, mwaka 1907. Hapana, ni 1906, kwa maana mama yake alikuwa akisema vita vya Maji Maji vilikuwa bado vinapiganwa na mtoto amekwishaanza kukaa. Basi na iwe 1906.

Alihitimu Kurani, kisha akasoma shule ya serikali mjini hadi darasa la sita. Alikuwa mtoto wa kusahau njia: akitumwa chumvi, atakutwa kwa mhunzi, anaangalia mivukuto inavyopumua. Mwaka 1929 akawa mwalimu wa ufundi wa vyuma.

Mwaka 1932 alimwoa Bi Zuena binti Sadallah wa Gongo la Mboto, aliyezoea kula na mume ambaye tonge liko mkononi, naye anasikiliza kitu cha mbali.

Marehemu aliamini mwanafunzi hajui injini mpaka aione ikifanya kazi. Julai 1937 alipata kibali cha kupeleka wanafunzi ishirini na wawili kwenye kiwanda kimoja cha mafuta, njia ya Pugu, chenye injini nne. Sharti lilikuwa viatu. Wakaazima vya baba zao na wajomba zao. Njia nzima mwalimu akiwaasa: "Mnaingia nyumba ya watu, wanangu. Adabu!" Basi kufika mlangoni wakavua vyote, wakavipanga vizuri, wakaingia pekupeku juu ya vipande vya chuma.

Msimamizi, Mzungu, akapiga kelele: "Hapa msikitini?"

"Hapana, bwana," akajibu Leodegar, kijana wa Bukoba. "Mimi hata ni Mkristo. Tumeambiwa adabu tu."

Wakatolewa, na kibali kikafutwa. Mwalimu hakumlaumu hata mmoja. "Kosa langu," alisema njiani. "Mmenisikia kuliko nilivyosema."

Tangu hapo kila Januari aliandika barua ya kuomba tena. Hakujibiwa. Na kila Julai alipeleka darasa jipya kwenye ukuta wa nje wa kiwanda kile, akawaambia waweke viganja ukutani, wafumbe macho, wazisikie injini.

"Zinazunguka ngapi?"

"Tatu, mwalimu!"

"Sikilizeni tena."

"Nne!"

Wapita njia wakicheka: "Sukumeni, jamani, kimekaribia kuanguka!" Naye akiwaitikia kwa upole, "Karibuni mtusaidie."

Mwaka 1951 Leodegar, sasa fundi wa kiwanda kile, alimfungulia mlango. Wanafunzi wakaingia, viatu miguuni. Mwalimu akabaki nje, kiganja ukutani.

"Shikamoo, mwalimu. Huingii?"

"Marahaba, baba. Wapeleke wewe. Mie nimeshazoea hapa."

Kifua kilimshika Desemba 1955. Alifariki nyumbani, Alhamisi tarehe 8 Machi 1956, adhuhuri.

Ameacha mjane, Bi Zuena. Watoto Mwamvita, Chausiku na Mwinjuma. Mdogo wake anayesoma haya. Na wanafunzi ambao hakuna aliyewahesabu. Mola ampe mapumziko yenye utulivu.

Asubuhi ile ya mwisho alinyoosha mkono, akaweka kiganja kwenye ukuta wa udongo kando ya kitanda, akafumba macho. Kati yetu tuliokuwapo, hakuna hata mmoja aliyewahi kusoma kwake. Akauliza, na baada ya kitambo akauliza tena, taratibu, kama anayengoja darasa:

"Leo zinazunguka ngapi?"